Mwaka Niliokabidhiwa Ngoma

Nilifika Voi kufundisha hesabu nikiwa na miaka ishirini na mitatu, katikati ya miaka ya sabini, na wiki ya pili nikakabidhiwa ngoma. Mwalimu aliyekuwa akiisimamia alikuwa amehamishiwa Mombasa. Hedimasta aliniita ofisini, akafunga faili alilokuwa akisoma, akaniuliza, "Wewe si Mtaita?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Basi utachukua chama cha ngoma. Mashindano ya wilaya ni muhula ujao, Taveta."

Nikamwambia ukweli, kwamba sijawahi kucheza ngoma maishani mwangu. Nilizaliwa milimani, upande wa Wundanyi, katika nyumba ambayo babu alikuwa mzee wa kanisa na baba akawa mzee wa kanisa baada yake. Ngoma kwetu iliitwa mambo ya giza. Harusini tulipiga makofi, na hata makofi yenyewe yalikuwa na kiasi. Hedimasta alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi sijawahi kupanda meli," akasema, "na nafundisha jiografia."

Siku ya Jumanne, saa kumi, nikaenda kwenye uwanja ulioko nyuma ya bwalo la chakula. Ulikuwa mchanga mwekundu uliochanganyika na changarawe, jua likiupiga bado kwa nguvu. Wanafunzi kumi na wanane walikuwa wananingoja, wengi wao wasichana wa miaka kumi na minne hadi kumi na saba. Nilikuwa na filimbi shingoni na daftari mkononi. Wao walidhani nimekuja kuwafundisha. Nikauliza, "Mwalimu aliyetoka alikuwa akifanya nini?"

"Alikuwa anatuambia tuanze," mmoja akajibu.

"Haya, anzeni."

Jambo la kwanza nililoandika kwenye daftari lile halikuhusu ngoma. Lilihusu masweta. Voi ni mahali pa joto, lakini darasani wasichana wa umri ule walivaa masweta siku nzima, wamefunga vifungo vyote, jasho likiwatiririka masikioni. Nilikuwa nimewauliza mara mbili kwa nini hawayavui, wakanitazama tu. Sasa, hata kabla debe walilolitumia kama ngoma halijapigwa, walikuwa wameyavua na kuyarundika juu ya kisiki, wakajifunga leso viunoni. Hakuna aliyewaambia. Mazoezi yalipokwisha waliyavaa tena, wakafunga vifungo. Nikaandika: kwa nini hapa hawaionei aibu miili yao? Swali hilo likanifanya nirudi Alhamisi bila kulalamika.

Ngoma waliyoichagua ni mwazindika. Ni ngoma yetu Wataita, na zamani ilipigwa kuwatuliza watu waliosemekana wamepandwa na pepo. Wanafunzi waliicheza kama mchezo wa shule, lakini jina lenyewe lilinitia wasiwasi. Nilimwazia baba akilisikia.

Mmoja wao nilimfahamu tayari. Alikuwa wa kidato cha pili, akitoka Rukanga, chini ya mlima wa Kasigau. Darasani aliketi karibu na dirisha, na daftari lake la hesabu nilikuwa nalirudisha likiwa na wino mwekundu mwingi kuliko wa buluu. Nikimuuliza swali alilijibia dawati, kwa sauti ya chini, na mara nyingi jibu lilikuwa "sijui". Alikuwa na umbo kubwa kuliko wenzake, na alitembea amejikunja mabega kama mtu anayepita chini ya mlango mfupi.

Uwanjani hakujikunja. Wenzake wote walitazama miguu yake kabla ya kusogeza yao. Ila alikuwa na tabia moja iliyonikera: hakuanza pamoja na wengine. Nikipuliza filimbi, wote wanakwenda, yeye amesimama. Siku ya tatu nikasimamisha debe.

"Unangoja nini?"

"Nangoja ngoma iniingie, mwalimu."

Niliyasikia maneno ya babu yangu kuhusu mambo yanayomwingia mtu. Nadhani aliiona sura yangu, kwa sababu alicheka kidogo, mara ya kwanza kumwona akicheka.

"Si hivyo, mwalimu. Ni kama kamba ya kuruka. Wawili wakiizungusha, huwezi kuingia tu. Unaiangalia, unaiangalia, halafu unaona nafasi yako."

Nilifikiri juu ya jibu hilo usiku ule na mchana wake. Nilikuwa nimeruka kamba sana nikiwa mdogo, na hakuna mzee wa kanisa aliyewahi kutukataza kamba. Kikao kilichofuata niliacha filimbi nyumbani.

Debe lililokuwa likipigwa halikuwa na maana yoyote, na aliyetuambia hivyo alikuwa mpishi wa shule. Alikuwa Mkamba wa makamo, mnene, aliyekuja Voi kujenga barabara akabaki. Jioni moja alitoka jikoni na mwiko mrefu mkononi, ugali bado umeung'ang'ania, akasimama ukingoni mwa uwanja.

"Mwalimu, samahani," akasema. "Mnawaumiza hawa watoto."

"Vipi?"

"Huyo anapiga kama mtu anafukuza nyani shambani. Mguu hauwezi kujua pa kukanyaga."

Akampa mmoja wao mwiko amshikie, akakaa juu ya kreti ya soda, akalivuta debe katikati ya magoti. Alipopiga, hata mimi nilisikia tofauti. Kulikuwa na mkono mmoja uliokuwa unatembea na mwingine uliokuwa unauliza maswali. Wanafunzi wakaanza kujongea. Lakini msichana wa Rukanga alibaki ametulia.

"Hiyo ni ya Wakamba," akasema kwa heshima.

Mpishi akaacha kupiga. "Ni kweli. Hiyo ni ya kwetu. Ya kwenu inakwendaje?"

Msichana akapiga makofi, kisha akagonga kifua kwa kiganja baina ya makofi. Mpishi alisikiliza ameinamisha kichwa. Alikosea, akasahihishwa, akakosea tena. Mtu mzima, mwenye watoto wakubwa kuliko huyo msichana, alikuwa anasahihishwa mbele ya watu kumi na wanane, na hakuonekana kuumia hata kidogo. Ugali wa jioni ile uliungua chini. Sikusikia mwanafunzi wa ngoma akilalamika.

Mimi mwenyewe nilicheza kwa mara ya kwanza wiki ya tano. Sikupanga. Nilikuwa nimesema tu kwamba sielewi vipi mguu wa kushoto unafika chini kabla ya pigo lake, na msichana akasema, "Njoo uone, mwalimu." Nikajifunga leso juu ya sketi. Nikajaribu. Walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Nikajaribu tena.

"Mwalimu, unahesabu," msichana akaniambia. "Midomo yako inakwenda."

"Nisipohesabu nitajuaje?"

"Ukihesabu utachelewa. Ukishasema tatu, tatu imepita."

Aliniweka nyuma yake, akaniambia nisitazame miguu, nitazame mgongo wake. Nilikosea nikiwa nimesimama kwenye jua kali, mtu mzima mwenye cheti, huku watoto niliowaadhibu asubuhi kwa kukosa hesabu wakiniangalia. Masikio yaliniwaka. Nilitamani kusema kwamba nina daftari za kusahihisha. Ndipo nikamwelewa yule anayelijibia dawati. Alikuwa anafanya nilichotaka kufanya wakati ule, kuomba ruhusa ya kutoka bila kutoka.

Nisidanganye kwamba kuanzia hapo nilikuwa mwalimu mwema. Wiki iliyofuata nilifanya kosa kubwa. Wasichana wawili wa kidato cha kwanza walikuwa wanazubaa, nikawaambia kwa sauti, "Hamwezi kumwiga mwenzenu? Mtazameni, na mwili wake wote ule, anavyocheza." Nilidhani nimemsifu. Alhamisi hakuja. Jumanne hakuja. Darasani alifunga vifungo vya sweta mpaka shingoni.

Nikamtafuta bwenini. Alikuwa anakunja nguo zake zilizokauka.

"Mbona huji?"

"Naumwa mguu, mwalimu."

"Mguu upi?"

Alifikiri. "Yote."

Nikaketi juu ya kitanda cha jirani yake. Sikujua mwalimu anamwombaje radhi mwanafunzi. Sikuwahi kuona ikifanywa. Nikasema, "Nilitaja mwili wako mbele ya watu. Sikupaswa." Aliendelea kukunja nguo, akazipanga, akazipangua. Jumanne iliyofuata miguu yote ilikuwa imepona, na mimi toka siku hiyo nilisema juu ya pigo, mstari, pumzi, vumbi, juu ya chochote kile isipokuwa maumbo yao.

Halafu ikaja barua kutoka Rukanga. Baba yake alikuwa ameandika kwa Kiswahili safi, herufi zimesimama wima. Alisema amesikia shule inawafundisha watoto mwazindika. Alisema yeye ni Mkristo na binti yake ni Mkristo. Ikiwa habari hizo ni za kweli, atakuja kumchukua mwisho wa mwezi, binti arudi nyumbani kulima.

Hedimasta alinipa barua na kuniambia nimwondoe msichana kwenye ngoma, mambo yaishe. Lilikuwa shauri la busara. Nilikwenda mpaka mlango wa bweni kumwambia, nikarudi. Nilitaka kwanza kumwona mtu aliyeandika barua ile. Jumamosi nikapata lori lililokuwa linapeleka saruji Kasigau, nikapewa nafasi mbele karibu na dereva.

Nyumba yao ilikuwa chini kabisa ya mlima, mahali ambapo mawe yanaishia na shamba linaanza. Baba alikuwa anarekebisha ua wa miiba uliobomolewa na ndovu. Alikuwa mrefu, na nikajua binti yake alitoa wapi mabega. Tukasalimiana kwa Kidawida, lugha yetu Wataita. Chake kilikuwa cha Kasigau, tofauti kidogo na chetu cha milimani, kwa hiyo tukaishia kuzungumza Kiswahili ili tuelewane. Mama akaleta chai na viazi vitamu, akaketi kando na mtama wake wa kupepeta, akisikiliza.

Nilikuwa nimejiandaa kwa hoja za kanisa. Nilizijua zote, nilizaliwa ndani yake. Nikamweleza kwamba ni mashindano ya shule, mchana, hakuna dawa wala pepo. Aliniacha nimalize.

"Nani alimfundisha?" akauliza.

"Anasema ni shangazi yake."

Mama aliacha kupepeta. Baba alikigeuza kikombe chake mezani, kishikio kikaelekea kwangu, kisha kikamwelekea yeye.

"Huyo ni dada yangu," akasema. "Ameolewa Njukini, upande wa Taveta. Alipokuwa na umri wa huyu msichana alikuwa anatoroka kwenda kucheza. Baba yetu alikuwa mgonjwa, mimi ndiye nilikuwa mkubwa. Kanisa likanisema. Nikamchapa."

Akakisogeza kikombe kando.

"Nilimchapa vibaya, mwalimu. Nilidhani ataacha kucheza."

"Akaacha?"

"Hakuacha kucheza. Aliacha kusema na mimi." Akainuka, akatazama ua wake. "Watoto wangu walikuwa wanakwenda kwake likizo. Mimi siendi. Sikujua kwamba anawafundisha."

Nilikuwa nimekuja kumshawishi mtu asiogope pepo, na yeye hakuwa anaogopa pepo. Nilimuuliza anaogopa nini.

"Huyu mtoto huwa ananisimulia mambo," akasema. "Mambo ya shule, mambo ya njiani, chochote. Akifika likizo anakaa hapo ulipokaa, anasimulia. Watu wa kanisa watakuja tena kuniambia nimzuie. Nikimzuia, atanyamaza. Nisipomzuia, mimi ni mzee wa kanisa wa namna gani? Afadhali awe hapa alime, nisiulizwe."

Mama akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo, "Si uende ukaone kwanza."

Hilo tu ndilo alilosema mchana kutwa.

Baba alikuja Jumanne. Nilimwekea benchi nje ya jiko, mahali penye kivuli, mpishi akamletea chai. Binti yake alimwona na akasimama katikati ya uwanja kama mtu aliyesahau jina lake. Debe likapigwa. Hakuingia. Likapigwa tena. Nilitamani kumwambia baba aondoke, au angalau atazame pengine, na nadhani aliligundua hilo peke yake, kwa sababu alianza kuzungumza na mpishi juu ya bei ya maharagwe, akigeuza uso. Binti akaingia.

Baba alitazama kwa pembe ya jicho, kisha kwa macho yote. Sikuweza kusoma chochote usoni mwake. Walipopumzika, wasichana wawili walikaa chini kutoa changarawe kwenye nyayo zao. Jambo hilo walilifanya kila siku, nilikuwa nimelizoea. Mzee akainuka, akatembea polepole mpaka katikati, akapiga goti. Nilidhani anataka kuomba. Akaanza kuokota mawe.

Aliyaokota akiyatia kwenye kofia yake, kofia ikijaa anakwenda kuyamwaga kwenye ua, anarudi. Hakumwambia mtu yeyote amsaidie. Binti yake alimtazama kidogo, akajiunga naye, kisha wengine wote, halafu na mimi. Tuliokota mpaka kengele ya chakula. Nilikuwa nimesimama kwenye uwanja ule wiki nane na daftari langu, nikiandika maswali kuhusu pigo na pumzi, na sikuwahi kujiuliza kwa nini wanacheza wakinyanyua nyayo haraka hivyo. Nilidhani ndio mtindo.

Alipokuwa anaondoka akaniambia, "Maji yako mbali. Wekeni pipa hapa." Na hapo hapo akaongeza, "Wamalize kabla jua halijazama, na wewe uwepo mpaka wa mwisho atoke. Wakija kuniuliza kanisani, nitasema nimeona kwa macho yangu."

Pipa tuliliweka. Wiki mbili kabla ya mashindano tukaambiwa kwamba mpiga ngoma lazima awe mwanafunzi. Mpishi alipokea habari hizo kwa utulivu kuliko mimi. Akamchukua kipa wa timu yetu ya mpira, kijana wa kidato cha tatu mwenye mikono mikubwa, akamfundisha jikoni juu ya kifuniko cha sufuria, wakati wa kuchambua maharagwe. Ngoma ya kweli, ndefu, tuliazima kwa jamaa wa mwanafunzi mmoja huko Mwatate. Kipa alipokosea, mpishi hakumwambia amekosea. Alimwambia, "Rudia hiyo, nilikuwa sisikilizi." Nililiiba neno hilo nikalipeleka darasani. Bado nalitumia.

Tulikwenda Taveta kwa gari moshi, behewa zima letu, wakiimba toka Voi mpaka sauti zikakauka. Baba wa msichana wa Rukanga alikuja pia. Alisema ana shughuli Taveta. Hakuna aliyemuuliza shughuli gani.

Uwanja wa mashindano ulijaa watu. Zamu yetu ilipokaribia nilimwona mwanamke amesimama karibu na wanafunzi wangu, mnene, amejifunga leso mbili, anamfunga upya msichana wetu mkanda wa kiunoni. Alikuwa anauvuta kwa nguvu kama anayefunga mzigo. Nilimjua kwa mabega kwamba ndiye shangazi. Kaka yake alikuwa amesimama hatua kumi nyuma yangu, kofia mkononi.

Walicheza vizuri. Si vizuri kupita wote, lakini walicheza pamoja, na kulikuwa na mahali, karibu na mwisho, ambapo kipa alipunguza pigo na wote kumi na wanane wakapungua naye bila mtu kutoa ishara, na watu waliokuwa wanapiga gumzo kando yangu wakanyamaza. Nilikuwa nimeacha kuhesabu. Niligundua baadaye kwamba leso yangu nilikuwa nimeinyonga mkononi mpaka imekuwa kamba.

Tukawa wa tatu. Wawili wa kwanza ndio waliokwenda mkoani. Jaji mmoja alisema hatua zetu zimenyooka mno, zimekuwa kama gwaride. Wasichana kadhaa walilia. Shangazi alicheka, akawaambia, "Amesema kweli. Mmefundishwa na mwalimu wa hesabu, hata nyonga zenu zina pembe." Wakaanza kucheka na machozi yao, na mimi nikacheka, ingawa ilinichoma kidogo.

Kisha akageuka akamkuta kaka yake. Nilijifanya nakunja leso.

"Huko mvua imenyesha?" akamuuliza.

"Kidogo tu," akajibu kaka. "Na Njukini?"

"Kwetu imezidi. Maharagwe yameoza."

Wakaondoka wakitembea, si karibu sana, kuelekea upande wa soko, msichana wetu akiwafuata. Niliposubiri gari moshi la kurudi nilimuuliza msichana walizungumza nini. "Maharagwe," akasema. "Saa nzima, mwalimu. Maharagwe tu." Alikuwa anatabasamu.

Ningependa kusema kwamba ngoma ilimfanya bingwa wa hesabu. Haikumfanya. Alipita kwa shida, alama za katikati, mpaka kidato cha nne. Ila aliacha kulijibia dawati. Alianza kuinua mkono na kusema, "Mwalimu, hapo nimepotea, rudia," na wengine waliokuwa wamepotea kimya kimya wakashusha pumzi. Baba yake aliendelea kuwa mzee wa kanisa. Niliambiwa walimsema, na kwamba aliwajibu kwa kuwaalika Voi waje waone. Hakuna aliyekuja, na maneno yakaisha.

Nilihamishwa mara mbili baada ya hapo. Katika miaka ya themanini nilikuwa nimerudi Voi, shule nyingine, na kwa sababu watu walijua historia yangu nilipewa ngoma tena. Sasa nilikuwa na sifa. Timu yangu ilifanya mazoezi siku nne kwa wiki. Tulikuwa tumefika mkoani mara moja na nilitaka tufike tena.

Asubuhi moja nilikwenda zahanati na mwanangu aliyekuwa na homa, na muuguzi aliyeita jina letu alikuwa yeye. Mabega yale yale, sare nyeupe. Alimpima mtoto, akatoa dawa, akaniambia nisubiri mpaka saa yake ya chai. Tuliketi kwenye ngazi za nyuma na vikombe vyetu. Nikamuuliza jambo lililokuwa limenikaa miaka yote hiyo: ngoma ile ilimpa nini. Nilikuwa nimetayarisha majibu mwenyewe. Nilidhani atasema ujasiri, au atataja siku ya Taveta, au baba yake.

Alikunywa chai yake taratibu.

"Taveta siikumbuki sana," akasema. "Nilikuwa na hofu, nilitaka iishe. Mimi nilikuwa napenda zile Jumanne."

"Kwa nini?"

"Mwalimu, miaka ile kila mtu alikuwa ananiuliza nitakuwa nini. Nyumbani, darasani, kanisani. Utapita? Utaolewa? Utafanya kazi gani? Saa kumi ya Jumanne hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa nacheza tu."

Akarudi kazini, wagonjwa walikuwa wengi. Nikamfunga mwanangu mgongoni, nikatembea kwenda nyumbani nikilitafakari neno lile. Mtoto hucheza, mpira huchezwa, na ngoma nayo huchezwa. Kiswahili hakikuona haja ya kuyatenganisha, na mimi, mwenye siku nne za mazoezi na saa mkononi, nilikuwa nimeyatenganisha.

Alhamisi ya wiki ile niliwaambia wanafunzi kwamba kuanzia leo, siku hii si ya mashindano. Watacheza tu.

"Tucheze nini?" wakauliza.

Nikawaambia wajionee wenyewe, nikaenda kuketi kwenye ngazi za bwalo. Walisimama wakitazamana, wakiona haya, kwa muda mrefu kiasi kwamba nilikaribia kuinuka. Kisha msichana mmoja wa nyuma, ambaye sikuwahi kumweka mstari wa mbele, akaanza kupiga makofi, pigo nisilolijua, na mwenzake akamuuliza ametoa wapi hilo.